Namba ya Baba Mkubwa

Majirani wa Mama Karanga waliamshwa kila siku na harufu ya karanga zinazokaangwa. Mmoja wao alikuwa akisema kwamba ameuza saa yake ya mezani, kwa sababu pua yake inatosha.

Kazi ilifanyika katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga. Karibu na dirisha palikuwa na pipa la kukaangia, lililozunguka polepole juu ya moto wa gesi. Katikati palikuwa na kinu cha umeme. Ukutani palikuwa na rafu za mbao, na juu yake makopo ya plastiki yaliyojazwa siagi ya karanga. Kwenye kona, juu ya meza ndogo, palikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa ili isiingie vumbi.

Kila mtu alikuwa na sehemu yake. Mume wa Mama Karanga, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Kinu, alikaanga na kusaga. Mama Karanga alichambua karanga, alijaza makopo na kuzungumza na wateja. Kompyuta ilikuwa ya wifi yake, yaani dada wa Baba Kinu. Huyo walimwita Vidole, kwa kuwa aliandika kwa kasi kuliko wengine walivyosema.

Mteja wao mkubwa alikuwa shule ya watoto wadogo, mtaa wa pili. Kila asubuhi, kengele ya mapumziko ilipolia, watoto walipewa mkate uliopakwa siagi ya Mama Karanga.

Asubuhi moja, pipa likiwa bado linazunguka, simu ya Mama Karanga ililia. Aliyepiga alikuwa mkulima mwanamke waliyezoea kumwita Mgeni, kwa sababu alianza kuwaletea karanga msimu ule tu.

"Mama, shikamoo. Zile karanga nilizokuletea mara ya mwisho bado unazo?"

"Marahaba, mwanangu. Tumezisaga zote. Umetuletea nyingine?"

Simu ilileta mvumo wa upepo tu. Mama Karanga akadhani simu imekatika.

"Haloo?"

"Nipo, mama. Nilikuwa naomba uniambie bado hujazigusa." Mgeni aliongea haraka haraka. "Paa la ghala langu lilivuja, nami sikujua. Leo nimefungua gunia lililobaki, la mavuno yale yale. Juu ni karanga nzuri kabisa. Katikati ni ukungu wa kijani. Mama, yale magunia yako yalikaa pale pale. Nimeona nikinyamaza nitakuwa mtu mbaya."

Mama Karanga alikumbuka punje chache za kijani alizoziona wakati wa kuchambua. Alizitupa, akaendelea na kazi, kwa sababu siku ile shule ilikuwa inasubiri.

"Umefanya vizuri kunipigia," alisema, kisha akamgeukia mumewe. "Baba Kinu, zima moto."

Mumewe alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo? Si tumezikaanga? Moto ule unaua kila kitu. Usituletee hofu asubuhi asubuhi."

"Una hakika?"

"Nina hakika kama ninavyokuona."

"Basi twende tukamuulize Dada Ghala, kisha utahakikisha vizuri."

Dada Ghala alikuwa jirani yao, mlango wa kando. Alisomea kazi ya kutunza ghala, na alikuwa msimamizi wa ghala la dawa hospitalini. Wakati huo alikuwa mlangoni anafunga viatu vya kazini. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza mtu. Kisha alishusha mkoba begani; kazi ingengoja.

"Shemeji," alimwambia Baba Kinu, "moto wako unaua kuvu. Hauondoi sumu ambayo kuvu limeiacha. Wataalamu wanaiita sumukuvu. Huioni kwa macho, na siagi inaweza kunukia vizuri tu. Sumu hiyo huumiza ini, na watoto ndio inaowaumiza zaidi."

Baba Kinu alifuta mikono yake kwenye suruali.

"Sasa jambo la kwanza," aliendelea Dada Ghala, "ni kujua makopo yapi yametoka kwenye karanga zile. Kila kopo lina namba ya mkupuo?"

"Mkupuo ndio nini?" aliuliza Baba Kinu.

"Ni mzigo mmoja ulioingia pamoja. Hospitalini kila mzigo wa dawa una namba yake. Dawa ikiwa na kasoro, tunatafuta namba, tunaondoa mzigo huo tu."

Uso wa Mama Karanga ulipata uhai kidogo, akawaongoza kurudi chumba cha kazi. "Namba zipo! Programu yetu huzichapa kwenye lebo. Vidole, washa kompyuta!"

Vidole aliwasha. Mama Karanga hakungoja. Tayari alikuwa amempigia mpishi wa shule.

"Mpishi wangu, nisomee namba iliyo chini ya lebo kwenye makopo yako. Haraka, nitakueleza."

Mpishi alisoma. Mama Karanga aliirudia namba ile kwa sauti, na Vidole akaiandika kwenye kompyuta. Kwenye kioo yalitokea maneno: karanga, mgavi Baba Mkubwa.

Baba Mkubwa alikuwa kaka wa marehemu baba yake Baba Kinu. Aliwauzia karanga tangu siku waliponunua kinu. Karanga zake zilikuwa safi, zimekauka hadi zinalia mkononi.

"Afadhali!" Mama Karanga alishusha pumzi. "Mpishi, endelea na kazi yako. Hayo ni ya Baba Mkubwa. Ni salama kabisa."

Akakata simu. Baba Kinu alicheka cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. "Unaona? Mnapenda kunitoa jasho bure."

Vidole peke yake hakucheka. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, haiandiki chochote. Jambo hilo lilikuwa geni, na Mama Karanga aliliona.

"Wifi, una nini?"

"Mpigie tena," alisema Vidole kwa sauti ndogo.

"Nimpigie nani?"

"Mpishi. Mpigie tena, wifi, mwambie asipake. Namba ile si ya kweli."

Kaka yake alimsogelea. "Namba si ya kweli? Wewe si ndiye unayeiandika?"

"Ndiyo, mimi. Karanga za Mgeni zilipokuja, niliziingiza kama tulivyopanga. Tuliposaga, programu iliniuliza ni mkupuo wa nani. Nikatafuta Mgeni kwenye wagavi, hayupo. Ikakataa kuchapa lebo. Nanyi mnanifokea, 'Shule inasubiri, shule inasubiri!' Nikaandika namba ya Baba Mkubwa. Ikachapa."

"Mara moja?"

"Kila mara, kaka. Makopo yote yana namba ya Baba Mkubwa. Yake na ya Mgeni."

Mama Karanga alikuwa ameshapiga simu. Ililia, ikalia, haikupokelewa. Akapiga tena. Ikalia tu.

"Anapaka mkate," alisema. "Mikono ina siagi, hashiki simu. Mimi ndiye niliyemwambia aendelee!"

Alitoka kama alivyokuwa, na aproni yake kiunoni na kitambaa cha kazi kichwani. Dada Ghala alitoka nyuma yake. Mtaani watu walisogea pembeni. Fundi baiskeli mmoja aliuliza kwa sauti kama nyumba inaungua. Mama Karanga hakuwa na pumzi ya kumjibu. Akili yake ilikuwa kwenye kengele. Walipopita kwenye kona ya shule, aliisikia ikilia.

Watoto walikuwa wamekwisha kupanga mstari mbele ya dirisha la jiko, wamenawa, wamenyoosha mikono mbele ili isichafuke. Mpishi alikuwa amesimama dirishani na sinia la mkate. Msichana mdogo wa mbele alikuwa tayari amepokea kipande chake, anakigeuza kutafuta upande wenye siagi nyingi.

"Usile!" Mama Karanga alipiga kelele. "Mwanangu, usile! Nipe huo mkate!"

Mtoto aliogopa, akauficha mkate nyuma ya mgongo. Mama Karanga alipiga magoti mbele yake. Alijilazimisha kutabasamu. "Siagi hii imeharibika, mama. Mpishi atakupa mwingine. Nipe, tafadhali."

Msichana alimtazama, akautazama mkate, kisha akautoa shingo upande.

Mpishi alikuwa ameduwaa. "Mama Karanga, vipi? Si wewe uliyeniambia sasa hivi kwamba ni salama?"

"Nilikuambia nisilolijua. Nimekosea. Kuna mtoto yeyote aliyekula?"

"Huyo ndiye wa kwanza, na makopo haya nimeyafungua leo. Nimelamba kijiko mimi tu." Mpishi alijishika tumbo. "Sasa mnaniambia nini, nimekwisha?"

"Hujaisha," alisema Dada Ghala. "Kijiko kimoja si cha kukutia hofu. Ukijisikia vibaya, njoo hospitali. Lakini makopo yote yanaondoka hapa leo."

"Na watoto watakula nini?" aliuliza mpishi.

"Mkate mtupu," alijijibu mwenyewe, akikusanya sinia kwa hasira. "Watakula mkate mtupu, na mimi nitajibu maswali ya wazazi. Na Mwalimu Mkuu atataka kukuona, Mama Karanga. Usidhani ataishia kwa salamu."

Waliporudi nyumbani, Baba Kinu alikuwa ameshusha makopo yote kutoka kwenye rafu. Alijaribu kuyagawa mafungu mawili. Alifungua, alinusa, alifunga.

"Ya madukani nayo tuyarudishe," alisema Dada Ghala. "Yote yaliyotoka tangu Mgeni alipoanza kuleta karanga."

"Yote?" Baba Kinu alisimama wima. "Dada, humo zimo za Baba Mkubwa. Ni nzuri! Utamwaga chakula kizuri?"

"Zipi ni za Baba Mkubwa? Nionyeshe."

Baba Kinu aliangalia fungu la kushoto, akaangalia fungu la kulia. Rangi moja. Harufu moja. Namba moja. Alikaa chini juu ya gunia tupu.

"Kwa hiyo yote," alisema.

"Yote. Kama hujui kopo baya liko wapi, basi kila kopo ni baya. Nami nampigia afisa wa afya, aje asimamie yateketezwe. Usiyamwage jalalani, watu watayaokota."

Walizunguka duka kwa duka kwa mkokoteni. Kila mwenye duka aliuliza maswali, na kila mahali Mama Karanga alijibu ukweli: karanga zenye ukungu, tumegundua leo, tunachukua yote. Wengine walimpa pole. Mmoja alimwambia asirudi tena. Hakubishana naye.

Mchana, mlango wa chumba cha kazi ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Baba Mkubwa. Mkononi alishika kopo moja la siagi. Mkono wa pili ulishika karatasi iliyokunjwa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa," walisema wote kwa pamoja.

Aliitikia kwa kichwa. Alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

"Nimepita dukani kununua sabuni," alisema. "Nimekuta mwenye duka anahesabu makopo ya kurudisha. Ananiambia yana sumu. Nikaomba nione moja. Hii hapa namba." Akakunjua karatasi. "Na hii ndiyo risiti mliyonichapia niliposhusha mzigo. Namba ni hiyo hiyo. Nimesimama pale kama mwizi. Naomba mniambie, karanga zangu zimekuwa na nini?"

"Karanga zako ni safi, Baba Mkubwa," alisema Mama Karanga.

"Namba inasema vingine."

"Namba imesema uongo. Tuliibandika kwenye karanga za mtu mwingine."

Mzee aliweka kopo sakafuni. "Kwa hiyo mtoto wa shule angeugua, mimi ndiye ningefuatwa."

Dada Ghala aliinamisha kichwa, kwa kuwa alijua kwamba ndivyo ingekuwa. Hospitali ingesoma namba. Namba ingesema Baba Mkubwa. Na karanga zenye sumu zingeendelea kuingia kwa mlango mwingine, hakuna anayezitazama.

"Baba Mkubwa, kosa ni langu," alisema Mama Karanga. "Vidole aliandika, lakini mimi ndiye niliyepanga. Naomba nieleze."

Akaeleza. Siku fundi alipowawekea programu ile ya biashara, waliona kwenye kioo vyumba viwili vya kuandika watu wanaowauzia vitu. Kimoja kiliitwa Wagavi, kingine Wauzaji. Fundi alikuwa na haraka, akaondoka. Mama Karanga aliyasoma maneno yale mara kadhaa. "Wauzaji" lilimkumbusha watu wanaopita na mifagio begani. "Wagavi" lilikuwa na uzito wa ofisini. Akaona si adabu kumweka mzee wa familia pamoja na muuza mifagio. Basi akamwambia Vidole awaweke watu wa heshima kwenye Wagavi, na wapita njia kwenye Wauzaji.

"Kwa hiyo mimi niliwekwa kwa heshima," alisema Baba Mkubwa.

"Ndiyo, baba."

"Na heshima hiyo ndiyo iliyonibebesha sumu ya mtu mwingine."

Mama Karanga alishindwa kumtazama usoni. Kwa mara ya kwanza siku ile, machozi yalimtoka.

Dada Ghala alivuta kiti hadi kwenye kompyuta. "Vidole, tufungulie hivyo vyumba. Baba Mkubwa, usiondoke, tafadhali. Jambo hili linakuhusu. Nisomee, nani yupo kwenye Wagavi?"

Vidole alisoma. "Baba Mkubwa. Fundi seremala. Mwenye duka la vitabu. Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba?" Dada Ghala aligeuka. "Huyu anawaletea malighafi gani?"

"Programu iliniuliza hivyo hivyo," alisema Vidole. "Nikaandika 'nyumba'. Ikauliza kilo ngapi. Nikaandika moja."

Baba Mkubwa alijikaza, lakini bega lilimcheza. "Kilo moja ya nyumba," alisema. "Ndiyo maana inavuja."

Kicheko kiliwatoka wote, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Kikapunguza uzito chumbani.

"Sasa sikilizeni," alisema Dada Ghala. "Vyumba hivi havipimi heshima ya mtu. Vinauliza kazi ya kitu anachokuleteeni. Seremala aliwauzia rafu. Rafu zinaondoka na mteja?"

"Haziondoki," alisema Baba Kinu. "Zipo hapo."

"Mlinunua, mkazitumia, mambo yakaisha. Huyo ni muuzaji. Programu inataka kujua mmenunua nini na kwa bei gani, basi. Karanga je?"

"Zinaingia kwenye kopo."

"Na kopo linakwenda kwa mtoto. Na mkikosa karanga, kazi inasimama. Na mnazihitaji tena na tena, kwa makubaliano na mtu anayejulikana. Huyo ni mgavi. Kwa mgavi programu inauliza zaidi: ameleta malighafi gani, lini, mkupuo upi. Kisha inaufuata mzigo ule, kutoka guniani hadi kwenye kopo, hadi dukani. Mgeni mlimweka wapi?"

"Kwa wauzaji," alisema Vidole. "Kati ya mifagio na balbu."

"Kwa hiyo programu ilidhani karanga zake ni kitu cha matumizi ya nyumbani. Haikuzipa namba. Ilipokataa kuchapa lebo, ilikuwa inawaambia: mzigo huu siujui. Mngeisikiliza, mngejiuliza."

Vidole aliuma mdomo. "Nilidhani inasumbua tu."

"Na mwenye makopo?" aliuliza Baba Kinu, ambaye sasa alikuwa amesogeza gunia lake karibu. "Yule kijana anayetuuzia makopo matupu. Makopo hayaliwi."

"Hayaliwi, lakini yanagusa chakula na yanaondoka na mteja. Kopo likiwa chafu, je?"

"Siagi nayo imechafuka. Mgavi!" Baba Kinu alipiga goti lake kama mwanafunzi aliyepata jibu.

"Mwenye duka la vitabu?" aliuliza Mama Karanga. Alikuwa amefuta machozi kwa ncha ya aproni. "Tunanunua kwake kalamu. Lakini karatasi za lebo nazo tunanunua kwake."

"Swali zuri. Kalamu inabaki hapa. Lebo inaondoka na kopo. Mtu mmoja anaweza kuwa na sehemu mbili. Hata Baba Mkubwa. Akiwaletea karanga, ni mgavi. Akiwauzia baiskeli yake ya zamani, kwa biashara hiyo ni muuzaji."

"Baiskeli yangu siuzi," alisema Baba Mkubwa.

"Ni mfano tu, mzee wangu."

"Hata kwa mfano siuzi."

Dada Ghala alicheka, kisha akawa makini tena. "Neno moja la mwisho. Si programu zote zinazoyatumia maneno haya kwa namna moja. Nyingine zina chumba kimoja tu kwa watu wote. Nyingine zinageuza majina. Kabla ya kumwandika mtu, someni programu yenyewe inataka chumba hicho kifanye nini. Na ikikataa kitu, msiidanganye. Ulizeni."

Siku ile hawakusaga; jioni afisa wa afya alisimamia makopo yakiteketezwa. Vidole aliandika upya, na safari hii aliandika polepole. Seremala na mwenye nyumba walihamia kwa wauzaji, na mwenye nyumba akanyang'anywa kilo yake. Kijana wa makopo alihamia kwa wagavi. Mgeni pia. Alipofika kwa Baba Mkubwa, Vidole aliinua mikono kutoka kwenye kompyuta.

"Baba Mkubwa, nawe nikubakize kwa wagavi?"

"Kwa nini uniulize?"

"Kwa sababu namba itakuwa yako kweli. Karanga zako zikiwa na kasoro, itakutaja."

Mzee alikunja risiti yake, akaiweka mfukoni. "Niandike," alisema. "Nataka initaje."

Shule haikununua siagi kwa muda. Mwalimu Mkuu alikuwa amewaita, akawasikiliza, akasema atafikiri. Mapato yalipungua, na kinu kilifanya kazi nusu siku. Usiku mwingine Mama Karanga alimwona ndotoni yule msichana mdogo akiuficha mkate nyuma ya mgongo, akashtuka usingizini. Mgeni alitengeneza paa lake, akazianika karanga za mavuno mapya juu ya turubai, mbali na ardhi. Zilipofika, Baba Kinu hakufungua gunia juu tu. Alichukua punje kutoka juu, katikati na chini. Sampuli ilipelekwa kupimwa kabla ya punje moja kuingia kwenye pipa. Majibu yalipokuja safi, Vidole alimchapia Mgeni risiti yenye namba yake mwenyewe. Mgeni aliishika kwa mikono miwili.

"Baada ya yote yale, bado mnanipokea?"

"Ungenyamaza, tusingekupokea," alisema Mama Karanga.

Asubuhi moja Mwalimu Mkuu alifika bila taarifa, mpishi akiwa nyuma yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani, asiyetumia maneno mengi. Alizunguka chumba akitazama pipa, kinu na rafu. Kisha alinyoosha mkono akachukua kopo moja, hakulichagua.

"Hili limetoka wapi?"

Vidole alitaka kukaa kwenye kompyuta, lakini Mama Karanga alimtangulia. Alikuwa amejifunza. Aliandika namba kwa kidole kimoja kimoja, na kila mtu akasubiri. Kwenye kioo palitokea jina la mgavi, siku mzigo ulipoingia, siku uliposagwa, na maduka yaliyopelekewa makopo ya mkupuo ule.

"Ni la Baba Mkubwa," alisema. "Mengine ya mkupuo huu yapo kwenye maduka haya hapa. Ukiniambia lina kasoro, nitayapata yote kabla chai yako haijapoa. Na ya wengine sitayagusa."

Mwalimu Mkuu aliweka kopo lile, akachukua lingine kutoka mwisho wa rafu. "Na hili?"

Mama Karanga aliandika tena. Alipoona jina, alisita. Angeweza kusema, "Twende la tatu." Hakusema.

"Hili ni la Mgeni. Ndiye aliyetuletea karanga zile zilizoharibika. Hizi ni mpya, zimepimwa."

Mpishi alimtazama bosi wake. Baba Kinu aliacha kuchambua.

"Ndiye huyo aliyewapigia simu?" aliuliza Mwalimu Mkuu.

"Ndiye."

"Hakuna aliyemlazimisha?"

"Hakuna. Alifungua gunia lake mwenyewe, akapiga simu."

Mwalimu Mkuu aligeuza kopo, akaisoma ile namba kwenye lebo, kisha akalikabidhi kwa mpishi.

"Tutaanza na haya," alisema. "Watoto wamechoka na mkate mtupu."